Meneja Asiye na Mtani

Siku Benedikta alipomwamkia kwa adabu, Filbert Ngonyani alijua kwamba sasa amekuwa meneja kwelikweli, na kwamba ameumia.

"Habari za asubuhi, meneja," alisema Benedikta, akapita zake na maboksi ya hotpoti kifuani.

Filbert akabaki mlangoni, kishada cha funguo mkononi, kama mtu aliyesahau alichofuata. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kwenye duka la jumla la vyombo la Mzee Umakant, mwanamke yule hakuwahi kumwamkia namna ile. Salamu yake ilikuwa moja tu: "Mtumwa wangu, umeamka?" Na Filbert alikuwa na jibu lake: "Nimeamka, ila mbwa wa jirani simwoni. Jana kwenu mlikula nini?" Hapo Hajira, keshia wa duka, anacheka mpaka mtandio unamwanguka, na siku imeanza.

Filbert ni Mngoni wa Peramiho, Benedikta ni Mhehe wa Kalenga. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona heri wajukuu watukanane tu. Ndio utani huo. Mtani ana ruhusa ya kukuita mtumwa, kukusingizia kula mbwa kama Wahehe wanavyosingiziwa, kukunyang'anya nyama sahanini, kuicheka pua yako mbele ya mama mkwe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unalipa faini, na faini ya watani ni jogoo. Lakini kazi kubwa ya mtani haiko kwenye matusi. Kazi yake ni kukwambia lile ambalo wengine wote wameliona na wanaogopa kulisema, tena akwambie mbele ya watu, ucheke, urudi nyumbani ukalifikirie.

Ingependeza kama kungekuwa na mtu mbaya wa kulaumiwa kwa kilichotokea. Hayupo. Utani wa pale dukani aliupiga marufuku Filbert mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo tumhurumie, ila tusimhurumie sana.

Ilikuwa hivi. Meneja wa zamani aliaga akaenda Mwanza kufungua duka lake. Mzee Umakant, ambaye amezaliwa Kisutu na hajawahi kutafuta mtu kwa tangazo, alimwita Filbert pembeni akamwambia, "Bwana Filbert, kalia kiti hicho mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukikipenda, chako. Kisipokupenda, utaniambia." Filbert akatoka hapo miguu haigusi sakafu. Kutoka kufunga mizigo kwenye stoo ya duka kule Gerezani, alikoanzia kazi, mpaka kukaa kwenye meza yenye feni! Akanunua mashati mawili yenye kola ngumu. Akampigia mama yake Peramiho, na mama hakuchelewa, akaenda parokiani kuomba misa ya shukrani. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, naye akatangaza kijiji kizima kwamba mjukuu wake ameshika Kariakoo yote.

Sasa siku hiyohiyo ya shati jipya, akaingia mteja mkubwa, mama mmoja wa Lubumbashi anayenunua masufuria ya kujaza lori. Wapakiaji walikuwa nje, kwa hiyo Filbert akainama mwenyewe, akatwika katoni kichwani. Benedikta hawezi kuona kitu kama hicho akanyamaza.

"Usihangaike, mama," akamwambia mteja. "Mtumwa wangu huyu atakubebea. Babu yangu alimteka vitani, akaniachia urithi."

Yule mama akamtazama Filbert, jasho linamtiririka kwenye kola mpya, na huruma ikamjaa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Umakant, akamnong'oneza, ila mnong'ono wa mtu aliyezoea kuongea juu ya injini ya lori.

"Baba, uyu mutu munamulipaka?"

Duka zima liliangua kicheko. Mzee Umakant alicheka mpaka akavua miwani. Hata wateja waliokuwa wakibishana bei walisahau bei. Filbert peke yake ndiye hakucheka. Kitu kilimchoma hapa kifuani: kumbe na cheo changu chote, bado mtu akinitazama anaona mtumwa.

Asubuhi yake akawakusanya wafanyakazi kabla ya kufungua.

"Kuanzia leo," alisema, akitumia maneno aliyoyaokota redioni, "tunafanya kazi kwa weledi. Tunapokea wageni wa nje. Haya mambo ya utani wa makabila, hapa kazini mwisho."

Benedikta akamwangalia.

"Hata mimi?"

"Hasa wewe," alisema Filbert.

Benedikta alikunja mikono ya blauzi yake, akaenda kupanga chupa za chai. Na kesho yake ndipo alipomwamkia kwa ile adabu tuliyoisikia.

Mtu wa Kariakoo akiamua kutii amri, anaitii mpaka inamrudia aliyeitoa. Walimtii Filbert kwa usafi wa ajabu. "Ndiyo, meneja." "Sawa, meneja." "Kama utakavyo, meneja." Hajira alianza kumwita "mheshimiwa," na hakuwa anatania, kutania kumepigwa marufuku.

Kilichomuuma zaidi ni chai ya saa nne. Nyuma ya duka, kati ya ukuta na rundo la mabeseni, wafanyakazi wa Mzee Umakant hukaa juu ya katoni wakanywa chai na chapati, na hapo ndipo habari zote za duka, za mtaa na za ndoa za watu huamuliwa. Zamani Filbert akifika, Benedikta alikuwa anachana chapati ya Filbert katikati, nusu anaitia mdomoni bila kuomba. "Kodi ya vita," anasema. Sasa Filbert akifika, wanasogea. Mmoja anampangusia katoni. Wanakunywa chai wakitazama vikombe. Chapati yake iko nzima, hakuna anayeigusa. Hakuwahi kujua kwamba chapati nzima ni kubwa kiasi kile, na kwamba inakwama kooni. Baada ya muda akaacha kwenda, akawa anakunywa chai mezani kwake, chini ya ile feni.

Basi mtu akikaa peke yake na feni, lazima apate wazo. Wazo la Filbert lilikuwa mifuniko.

Aliona mifuniko ya masufuria inachukua nafasi, inaanguka, inapiga kelele. Akaagiza mifuniko yote ipandishwe ghorofani, ipangwe kwa ukubwa, mizuri, inang'aa. Masufuria yabaki chini. Akasimama akatazama kazi yake, akaona ni utaratibu wa kimataifa.

"Ndiyo, meneja," walisema wote, wakabeba.

Tangu siku hiyo, mteja akitaka seti ya sufuria, muuzaji anapanda ngazi kufuata mfuniko. Anashuka, mfuniko mdogo. Anapanda tena, anashuka, mfuniko mkubwa. Mteja anatazama saa. Mmoja aliuliza kwa sauti kama duka hili linauza sufuria za wajane, akaondoka, akaingia duka la jirani. Filbert aliwaona wateja wakivuka barabara, akatikisa kichwa, akasema biashara mwaka huu ngumu. Benedikta alikuwa pale, kwenye ngazi, mfuniko kila mkono. Midomo yake ilichezacheza. Halafu akaifunga.

Filbert akaongeza bidii. Alifungua duka yeye, akafunga yeye. Funguo hakumwachia mtu. Alizifunga kwenye mkanda kwa kamba ya viatu. Mzigo ukifika Gerezani, anaenda mwenyewe kwa miguu, anarudi mwenyewe. Yale mashati mawili yakaanza kuwa makubwa, na kola ngumu ikawa inazunguka shingoni bila kuigusa. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Akiulizwa, anasema salama.

Mzee Umakant ana binti, anaitwa Bhoomi, anafanya kazi Posta kwenye ofisi inayoshughulikia masuala ya wafanyakazi. Jumamosi huja dukani kumsaidia baba yake. Aliona wale watu waliozoea kupiga kelele sasa wanatembea kama wako wodini, akashtuka, akaleta dawa anazozijua. Alileta kapu la machungwa na ndizi. Alianzisha mazoezi ya viungo kabla ya kufungua. Wote wakanyoosha mikono kati ya rafu, mkono wa Hajira ukagusa mnara wa masufuria, na mtaa mzima ukajua kwamba kwa Mzee Umakant kuna mazoezi. Aliwauliza mmoja mmoja wanajisikiaje kazini. Wote wakasema poa.

Mwisho akavuta kiti mbele ya meza ya Filbert.

"Na wewe, kaka Filbert? Kila siku tunauliza hali za wafanyakazi, meneja hatumuulizi."

"Salama, dada Bhoomi."

"Salama ya kweli, au salama ya Kiswahili?"

Filbert akatabasamu kidogo. Salama ya Kiswahili anaifahamu. Unamuuliza mtu habari za nyumbani, anakwambia salama, ila nyumba imeungua.

"Basi nikuulize lingine," Bhoomi akasema. "Hapa kazini, ukikosea, nani anakwambia?"

Filbert alifungua mdomo. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limekaa tayari. Akatazama kule kwenye ngazi, akamwona mwenye jina anashuka na mfuniko, anaufuta vumbi kwa upole, hamtazami.

"Nitafikiria," alisema.

Alifikiria siku nzima, na uamuzi alioufikia ni huu: Jumatatu atamrudishia Mzee Umakant kiti chake. Atarudi stoo ya Gerezani, akafunge mizigo, akatwike katoni kichwani. Aibu kwa mama, aibu kwa misa ya shukrani, aibu kwa bibi aliyekwisha kuitangaza Kariakoo yote kuwa mali ya ukoo. Lakini angalau stoo kuna watu wa kula nao. Wakati wa kufunga duka alimwambia Bhoomi tu kwamba Jumatatu ana la kumwambia Mzee. Aliuona uamuzi huo ni sahihi, na ulimtia uchungu, na akaenda kulala nao.

Alfajiri ya Jumapili simu ikalia kutoka Peramiho. Bibi amefariki.

Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi. Aliondoka usingizini, jioni yake alikuwa amekula vizuri na amegombana na kuku. Si kifo cha kulalamikia. Lakini Filbert alikaa kitandani na simu mkononi, na machozi yakakataa kutoka. Hilo ndilo lililomtisha. Alijiona amekauka.

Alichokuwa anakumbuka ni msiba wa babu, yeye akiwa mdogo. Bibi alikaa mkekani, hali, hasemi, watu wakaanza kunong'ona kwamba atamfuata mumewe. Ndipo watani wa Kihehe wakafika. Walivamia kwa kelele, wakashika majembe, wakagoma kuchimba kaburi mpaka wapewe jogoo. Mmoja akavaa koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea vilevile alivyokuwa akichechemea babu, akaja kumuuliza bibi chakula kiko wapi. Bibi akamtazama. Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka akaisha, halafu akaomba maji, halafu akaomba ugali. Ndivyo msiba unavyobebwa kwao. Ndugu hulia, na watani hukurudisha duniani.

Mchana huo turubai likafungwa mbele ya nyumba anayopanga Mchikichini, majirani wakaleta viti vya plastiki, akina mama wakatandika mikeka, sufuria la wali likapanda jikoni. Basi la Songea lingeondoka kesho yake alfajiri. Watu wa dukani walifika wote pamoja. Mzee Umakant na mkewe Mama Indumati walivaa nguo nyeupe tupu, kama walivyozoea wao kwenye msiba, na Bhoomi nyuma yao. Wakapita mmoja mmoja.

"Pole sana, meneja."

"Pole, meneja."

"Mheshimiwa, pole," alisema Hajira.

Filbert aliitikia, shingo inazunguka ndani ya kola. Alikuwa anamtazama wa mwisho kwenye mstari. Benedikta amevaa kitenge cheusi, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Njoo, Filbert alisema kimoyomoyo. Njoo uniharibie msiba wangu.

Benedikta akafika, akainamisha kichwa.

"Pole sana, meneja. Mungu ampumzishe kwa amani."

Akaenda kukaa kwenye mkeka wa akina mama, akakunja miguu, akatulia.

Hapo Filbert alifiwa mara ya pili. Alitazama lile turubai lililojaa watu wema, kila mtu na adabu zake, na akajiona yuko peke yake kuliko siku zote. Bibi wa Wangoni anakwenda kaburini kama mtu asiye na watani. Nani alimfanyia hivyo? Akajijibu: aliyefunga ni mimi, na ufunguo ninao mimi. Mhehe yule hawezi kufungua; aliambiwa mwisho, naye ni mtu anayeshika neno.

Akasimama. Akaenda mpaka kwenye mkeka wa akina mama, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Jamani, samahanini. Nani amemruhusu huyu Mhehe kukalia mkeka wa bibi yangu? Mbwa wa hapa tumewafunga, lakini kufuli hatuna!"

Jirani mmoja alipaliwa na chai. Mzee Umakant akashusha kikombe polepole. Wale wasiojua walidhani uchungu umempanda kichwani.

Benedikta akainua uso.

"Unaniambia mimi?"

"Hasa wewe," alisema Filbert.

Benedikta akaweka mkoba chini. Akafungua kitenge cha mabegani, akakifunga kiunoni, mafundo mawili. Akasimama.

"Haya, mmesikia wenyewe," akawaambia watu. "Mimi nilikuja na adabu zangu. Ameitafuta."

Akamsukuma Filbert kando, akajilaza katikati ya mkeka chali, akafumba macho, na kutoka pale chini ikatoka sauti ya bibi. Sauti yenyewe hasa, ile nyembamba yenye amri, ambayo duka zima waliifahamu kwa sababu Filbert zamani alikuwa akimpigia saa ya chai na kuiweka simu sauti kubwa ili wote wamsalimie.

"Filbeti! Filbeti mjukuu wangu! Nimefika mbinguni salama. Nimekuta masufuria ya malaika yanachemka, yanamwagika, yanazima moto. Nikauliza, jamani, mifuniko iko wapi? Wakaniambia, bibi, mifuniko iko ghorofani, mjukuu wako ndiye amepanga!"

Hajira alipiga ukelele, mtandio huoo, chini. Wapakiaji walishikana mabega. Kicheko kilianzia kwa watu wa dukani, kikaenda kwa majirani ambao hawakujua habari za mifuniko lakini waliona hakuna sababu ya kubaki nyuma. Mama Indumati alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya sari nyeupe.

Filbert alisimama mdomo wazi. Mifuniko. Mungu wangu, ile mifuniko.

Benedikta akaruka kutoka mkekani, sasa ni yeye mwenyewe, na kidole kiko kifuani kwa Filbert.

"Nyinyi mlizoea kupikia kwenye ngao, ndio maana hamjui kwamba sufuria na mfuniko hawaachanishwi! Umetupandisha ngazi, umetushusha ngazi, wateja wamehamia kwa jirani, wewe unatuambia biashara ngumu. Biashara haina neno, kichwa chako ndicho kigumu! Na hebu mtazameni. Shati limemmeza. Shingo kama ya kuku aliyenyeshewa. Mtu anafungua duka mwenyewe, anafunga mwenyewe, anakunywa chai na feni! Nani alikuroga, mtumwa wangu?"

Mtumwa wangu. Filbert aliposikia neno hilo, alicheka. Alicheka mpaka akainama, na alipoinama akakuta analia, analia kwa sauti kama mtoto, bibi yangu, bibi yangu jamani, na Benedikta amemshika mkono anamwacha alie. Alipomaliza akaomba maji. Alipokunywa maji akaletewa sahani ya wali, na kabla hajanawa vizuri, mkono wa Kihehe ukapita, kipande cha nyama kikaondoka.

"Kodi ya vita," alisema Benedikta, anatafuna.

Halafu, kwa vidole vilevile vyenye mchuzi, akafungua ile kamba ya viatu kwenye mkanda wa Filbert, akachukua kishada chote cha funguo.

"Hizi zimetekwa. Kesho nafungua duka mimi. Hajira atafunga. Wewe nenda ukamzike bibi yako, ukae na mama yako mpaka akuchoke. Ukizitaka, unajua bei."

"Benedikta, mzigo wa Gerezani unashuka Jumatano, na..."

"Umekasirika?"

Filbert akanyamaza haraka. Akikasirika ni jogoo mwingine.

Mzee Umakant alikuja kuaga, amemshika Bhoomi begani.

"Bwana Filbert, nikwambie. Nilikuwa nikitaka kujua duka langu lina ugonjwa gani, nakaa pale kaunta nawasikiliza nyinyi wawili mnavyotukanana asubuhi. Nilikuwa najua kila kitu. Mwezi huu nikadhani redio yangu imekufa."

"Sasa Mzee, mbona hukuniambia?"

"Mimi? Mimi mwajiri wako. Ningekwambia, ungesema ndiyo Mzee, halafu usingelala wiki." Akakohoa kidogo. "Kulikuwa na la kuniambia Jumatatu? Bhoomi anasema unalo la kuniambia."

Filbert akamtazama Bhoomi, akamtazama Mhehe kule mkekani, funguo zimening'inia shingoni mwake kama mkufu, anawafundisha akina mama wa Mchikichini namna Wangoni wanavyokimbia vitani.

"Lilikuwepo, Mzee," alisema. "Limetekwa."

Akaenda Peramiho, wakamzika bibi kwa heshima na kwa kelele, maana kule nako watani hawakukosa. Kwa siku zote hizo alipiga simu dukani mara moja tu. Benedikta alipokea, akasema, "Duka hili halihudumii Wangoni kwa simu," akakata. Filbert akalala mchana kwa mama yake, usingizi mzito, na mama akapita akinyata asimwamshe.

Alirudi Kariakoo na kikapu kilichofunikwa, na kikapu kinawika. Duka lilikuwa limefunguliwa. Mifuniko ilikuwa imesharudi chini, kila mmoja kichwani mwa sufuria yake. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na hakuuliza. Benedikta alikuwa mlangoni.

"Mtumwa wangu, umeamka?"

"Nimeamka. Chukua jogoo wako, na umsamehe, hajawahi kukaa na watu wanaokula mbwa."

Benedikta akapokea kikapu, akamtupia funguo. Si zote. Za mlango wa nyuma na za stoo ya Gerezani alibaki nazo, na amebaki nazo mpaka leo.

Siku si nyingi baadaye, yule mama wa Lubumbashi akarudi kujaza lori. Akamkuta Filbert kwenye meza, shati limeanza kumkaa vizuri, sahani ya chapati mbele yake. Akasogea, akatazama huku na huku, akashusha sauti mpaka ikasikika nusu ya duka tu.

"Papa, ungali mutumwa ya ule mama?"

Filbert akageuka. Benedikta alikuwa nyuma yake, amekwisha kuichana ile chapati, nusu iko mdomoni.

"Bado, mama," alisema Filbert. "Mungu ni mwema."